Maswali Yenu: Mafumbo Yaliyobaki ya Piramidi Kuu ya Giza

Swali: Ni kweli kwamba mpaka leo hajulikani aliyeijenga?

Si kweli. Ni kaburi la Farao Khufu wa Misri, na lilijengwa yapata mwaka 2560 KK. Vikundi vya wajenzi viliandika majina yao kwa rangi nyekundu, jina la Khufu likiwamo, katika vyumba vya juu ya Chumba cha Mfalme. Tena mwaka 2013 zilipatikana Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, hati za mafunjo za Merer, msimamizi wa kikosi kilichopeleka mawe ya chokaa Giza kwa mashua kutoka machimbo ya Tura. Ni kumbukumbu za kazi, siku baada ya siku. Anayetafuta fumbo hapa amechelewa.

Swali: Sasa mawe yalifikaje juu, mita 146?

Hapo mmegusa penyewe. Watu wengi huogopa kimo, lakini piga hesabu kwanza. Umbo la piramidi hupungua kwa kasi kadiri linavyopanda: ukifika mita 30 tu, nusu ya mawe yote, yanayokadiriwa kuwa milioni 2.3, yameshapangwa. Nusu ya juu ya kimo hubeba sehemu moja kati ya nane. Kwa hiyo njia fupi za mteremko zilitosha kwa kazi kubwa ya mwanzo.

Njia moja iliyonyooka hadi kileleni ndiyo isiyoingia akilini. Kwa mwinuko wa mita 8 kila mita 100, ingehitaji urefu wa zaidi ya kilomita 1.8, na kifusi chake kingekuwa mlima mwingine. Njia ya kuzunguka piramidi nayo hufunika kingo ambazo wapimaji walipaswa kuziona ili pande nne zikutane juu, na kukata kona na jiwe zito ni balaa.

Mwaka 2018 huko Hatnub, kwenye machimbo ya alabasta, ilitangazwa njia ya enzi za Khufu yenye mwinuko unaozidi asilimia 20, ngazi pande zote mbili na mashimo ya nguzo. Inaelekea kamba zilizungushwa kwenye nguzo, watu wakavuta huku wakishuka. Ni dalili nzuri, ila ile ilitoa mawe shimoni. Chumba cha Mfalme kiko mita 43 hivi juu ya ardhi, na juu yake kuna mihimili ya itale kutoka Aswan yenye uzito wa makumi ya tani kila mmoja. Kwa maoni yetu, fumbo halisi la ujenzi ni mihimili hiyo. Kilele ni kazi nyepesi kuliko hiyo.

Swali: Uwazi mkubwa uliotangazwa mwaka 2017 ulionekanaje bila kutoboa ukuta?

Kwa myuoni, chembe zinazozaliwa miale ya anga za mbali inapogonga hewa ya juu. Hupenya mawe, lakini baadhi hunaswa njiani. Palipo na uwazi, nyingi zaidi hufika chini. Mradi wa ScanPyramids uliweka filamu maalumu katika Chumba cha Malkia kwa miezi kadhaa, kisha vifaa vya aina nyingine mbili vikathibitisha: uwazi wa angalau mita 30 juu ya Ukumbi Mkuu, njia ya ndani inayopanda kuelekea Chumba cha Mfalme.

Udhaifu wake ni kwamba picha hutoka na ukungu. Haisemi kama uwazi umelala au umeinama, wala kama ni mmoja au kadhaa. Kuuita "chumba cha siri" ni haraka. Huenda ni nafasi ya kupunguza uzito au mabaki ya ujenzi. Uwazi mwingine, ujia mdogo wa upande wa kaskazini wenye urefu wa mita 9, ulipigwa picha mwaka 2023 kwa kamera nyembamba iliyopita kati ya mawe. Ulikuwa mtupu.

Swali: Na kile "kimlango" chenye pini za shaba?

Kiko kwenye tundu la kusini la Chumba cha Malkia, lenye upana wa sentimita 20 hivi. Roboti ilikifikia mwaka 1993. Kilitobolewa mwaka 2002, na nyuma yake likaonekana jiwe jingine. Mwaka 2011 kamera inayojipinda ilikuta alama za rangi nyekundu sakafuni kati ya mawe hayo mawili, na ikaona kwamba nyuma ya kimlango pini zinaishia kwa vitanzi vidogo. Vitanzi hivyo ni vyembamba mno kubeba mzigo.