Kabla ya kuliuza gari jipya, mtazame fundi wako

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mtu anaweza kuliuza gari lake la kisasa akabaki na la zamani kwa safari zake zote. Jambo hilo nimelijaribu mwenyewe kwa miezi minane hapa Mwanza, nikienda kazini kila asubuhi kutoka Buhongwa hadi Nyakato kwa Peugeot 504 niliyoachiwa na baba mkwe wangu, huku Toyota IST yetu ikikaa uani. Jibu langu ni kwamba inawezekana, lakini kwa watu wachache kuliko tunavyopenda kuamini, na kinachowatofautisha hao wachache na sisi wengine ni fundi waliye naye.

Gari lenyewe sina shaka nalo. Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya, na mwaka 1975 na 1978 ikashinda mbio za Safari Rally kwa jirani zetu wa Kenya. Anayeishi kwenye mitaa yetu ya milimani, ambako barabara inapita juu ya mawe yenyewe, ataelewa ushindi huo ulitoka wapi, kwa sababu springi zake ni laini na hushuka sana, hata abiria wa nyuma haruki kitini. Tena maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo bodi haliliwi na kutu haraka kama wanavyolalamika wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam.

Tatizo lilinikuta kwenye foleni ya Mabatini. Mshale wa joto, ambao siku zote hutulia katikati, ulianza kupanda nikiwa nimesimama, na nilipofika kazini gari lilikuwa limechemsha. Fundi wa kwanza niliyempelekea alibadilisha kifuniko cha rejeta, akanilipisha, na kesho yake gari likachemsha tena palepale. Ndipo nikamtafuta mzee mmoja wa Kirumba aliyewahi kutengeneza magari haya yalipokuwa bado mengi barabarani. Aliwasha injini, akafungua boneti, akasimama tu akiitazama feni bila kushika chochote. Feni ya 504 haizunguki muda wote kwa nguvu ya mkanda. Hunaswa na sumaku ya umeme pale maji yanapopata moto, na umeme huo huifikia kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosuguana na puli. Mzee alikichomoa kipande hicho akakiweka kiganjani mwangu: kilikuwa kimekwisha, kimebaki kama punje ya mtama. "Mwalimu, gari lako ni zima," akaniambia, "ila hii haijabadilishwa tangu enzi za mkweo." Kazi yote haikuchukua nusu saa.

Tangu siku hiyo sikuhofia tena spea, maana nyingi huletwa kutoka Nairobi kupitia Sirari, na kisichopatikana huchongeshwa. Ninachokihofia ni kwamba mzee huyo amevuka miaka sabini, na vijana wa gereji yake wamejifunza kazi kwenye magari yanayosoma hitilafu zake kwa kompyuta. Ni hodari kwa kazi yao. Lakini kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kwenye injini za zamani, haina mahali pa kuchomeka kompyuta. Inataka sikio linalotambua injini inayokosa hewa na mkono unaojua skrubu izungushwe kiasi gani.

Mafuta nayaeleza kwa kifupi: kwa vipimo vyangu, 504 ilikwenda kilomita tisa kwa lita, na IST kumi na nne.

Usalama ni neno zito zaidi. 504 yetu haina mifuko ya hewa, haina breki za ABS zinazozuia magurudumu yasigande ukifunga breki ghafla, na kiti cha nyuma hakikuwa na mikanda mpaka nilipoifunga mwenyewe. Mke wangu ni muuguzi, na zipo wiki anazotoka zamu usiku wa manane. Nilipomwona akisubiri mbele ya lango huku mimi nikipiga stati kwa mara ya nne, niliamua kwamba safari zake zirudi kwenye IST, na za watoto pia. Kwa yule anayeendesha peke yake, mchana, na kazi isiyomhesabia dakika, uamuzi unaweza kuwa mwingine, nami nitamuunga mkono.

Kwa sasa 504 hutoka Jumamosi, mara nyingi kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema kwa mama. Mzee wa Kirumba amekubali kumfundisha mjukuu wake, na kila ninapopeleka gari namwomba amwachie kijana alishike yeye. Mwezi uliopita kijana alisafisha kabureta na kuirudisha peke yake, na gari likawaka mara moja. Akifika mahali pa kuisikiliza injini na kutaja ugonjwa wake kabla ya babu yake, nitaipeleka IST sokoni, mradi tumekwisha kupata njia nyingine ya kumrudisha mama watoto usiku.

Msomaji wenu,
Buhongwa, Mwanza