Kutoka Iringa Hadi Ukuta wa Galari: Kwa Wachoraji Wanaoanza

Picha 23 nilizotuma mara ya kwanza katika galari moja ya Dar es Salaam zilikuwa na kila kitu: tembo wa Ruaha, mbuyu wakati wa machweo, sura ya bibi yangu, na hata bakuli la matunda nililochora nikiwa bado mwanafunzi. Baada ya wiki kadhaa mpokeaji alinipigia simu, akanisalimu vizuri, kisha akauliza, "Samahani kaka, hizi ni kazi za watu wangapi?"

Swali lile lilinichoma, lakini lilikuwa la haki. Mtu anayepanga maonesho hatafuti ushahidi kwamba unaweza kuchora chochote. Anataka kuona jambo moja ambalo umelitazama kwa muda mrefu kuliko wengine. Mara ya pili nilipeleka picha 8 tu, zote za wagema wa ulanzi, yaani pombe ya mianzi: mianzi iliyokatwa ncha, mbeta (vyombo vya mianzi) zilizofungwa kwa ajili ya kukinga, na mikono ya mgemaji asubuhi ya masika. Usidhani kwamba kwa kuwa unaishi Mufindi au Rungwe ni lazima uchore wanyama wa mbugani ili ueleweke mjini. Kabla ya kutuma chochote, soma tangazo la wito wa kuleta kazi mpaka mwisho, kwa sababu kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space cha Mikocheni, Dar es Salaam, na sehemu nyingine zinazopokea kazi za wasanii haziulizi mambo yaleyale, na ombi lililokosa kipengele kimoja huweza kuachwa bila hata kufunguliwa.

Kwa kawaida mchaguzi huiona picha ya picha yako kabla hajaiona kazi yenyewe. Hapa nyanda za juu tumejaliwa mawingu, nayo ni taa nzuri kuliko ya studio: toa kazi nje asubuhi yenye mawingu, iegemeze wima, weka simu usawa wa katikati ya picha, rudi nyuma hatua mbili tatu ili kingo zisipinde, na usiwashe mwanga wa simu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Jina la faili liwe jina lako, jina la kazi na mwaka. Katika orodha, andika aina ya rangi na kipimo, urefu wa kwenda juu ukitangulia upana.

Sasa nije kwenye mbao za fremu, mahali nilipopata hasara yangu kubwa. Tumezungukwa na paina ya msitu wa Sao Hill, ni rahisi na inakatika vizuri, kwa hiyo nilinunua mbao Jumatatu, nikawamba kanvasi Jumatano, na Ijumaa mzigo ulikuwa barabarani. Picha ya sentimita 90 kwa 120 iliyoondoka Iringa ikiwa imenyooka ilifika pwani, ikakaa siku chache kwenye joto, na fremu yake ikajipinda kiasi kwamba kona moja ilisimama mbali na ukuta kama sikio la mbuzi. Mzee mmoja fundi seremala wa Mafinga ndiye aliyenionesha kosa langu. Alichukua vipande viwili vya mbao, akavigonga kwa kifundo cha kidole, kimoja kikatoa mlio mkavu na kingine kikatoa mlio mzito uliokufa palepale. "Mwanangu," akasema, "mbao mbichi haiitiki." Tangu siku hiyo nanunua mbao miezi kadhaa kabla, nazipanga chini ya paa huku nikiziachia nafasi za kupitisha hewa, na kwa picha kubwa naongeza mhimili wa katikati.

Baridi nayo ina madai yake. Mwezi wa Juni na Julai, hasa Makete na Njombe, rangi ya akriliki iliyopakwa kwenye chumba chenye nyuzi joto chini ya 10 haishikani vizuri, na ya mafuta huchelewa sana kukauka. Juu inaweza kuonekana kavu ilhali ndani bado ni laini, na ndiyo maana desturi ni kungoja takriban miezi sita kabla ya kuipaka vanishi. Basi kama maonesho ni Agosti, kazi ya rangi za mafuta uliyoimaliza Julai ibaki nyumbani. Ukilazimika kuviringisha kanvasi ya akriliki, iviringishe mchana jua likiwa limewaka, upande wenye rangi ukitazama nje, kwenye bomba pana. Usiifunge nailoni moja kwa moja juu ya rangi, kwa kuwa joto la Dar es Salaam hulainisha akriliki na nailoni hunata; tanguliza karatasi isiyonata, kama ile ya kuokea.

Kuhusu bei, uliza mapema galari inakata kiasi gani. Mara nyingi ni kati ya asilimia 30 na 50. Picha ya shilingi 400,000 ikikatwa asilimia 40 inakuachia 240,000, na humo bado hujatoa mbao, kanvasi na nauli. Ukishapanga bei, iwe hiyohiyo nyumbani na galarini. Mteja akigundua kwamba kwako Kihesa inauzwa nusu, galari haitakuita tena.

Siku ya kusafirisha, fika stendi mapema na uzungumze na mpakiaji mwenyewe, picha isimame wima pembeni ya buti, si chini ya magunia ya viazi. Nyuma ya kila kazi andika jina lako, namba ya simu na mshale wa kuonesha juu ni wapi, na waya wa kutundikia uwe umefungwa tayari. Ndani ya mzigo weka nakala mbili za orodha ya kazi; mpokeaji akague, atie sahihi zote, moja abaki nayo na nyingine akurudishie.