Jino la mbele limekuwa la kijivu: majibu ya maswali yenu

Daktari, shikamoo. Jino langu lilitibiwa mzizi nilipoanguka nikiwa sekondari. Sasa limefifia, la kijivu kabisa. Dawa ya mswaki ya kung'arisha itasaidia? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Haitasaidia, weusi huo uko ndani. Jino likigongwa, damu hupenya kwenye vijitundu vya dentini (tabaka la ndani la jino) na kuacha madini ya chuma. Wakati mwingine ni mabaki ya kiini (nyama laini ya ndani ya jino) yaliyosahaulika, au dawa ya kuzibia mzizi yenyewe. Tunalifungua jino kwa nyuma, tunatia dawa ya kung'arisha ndani, kwa kawaida sodiamu perborati iliyokorogwa na maji, tunaliziba kwa muda nawe unaenda zako. Unarudi baada ya siku 3 hadi 7 ibadilishwe. Mara 2 hadi 4 hutosha kwa wengi.

Nimeambiwa kabla ya kung'arishwa jino kwa ndani lazima kwanza niwekewe "kizuizi" juu ya mzizi, na bei imepanda. Huo si ulaji? (Msomaji, Nairobi)

Si ulaji. Ningekuwa mimi, ningemwogopa daktari asiyekitaja.

Mwaka 1979 Harrington na Natkin, wa Marekani, waliandika kuhusu meno yaliyong'arishwa kwa ndani kisha mizizi yake ikaanza kulika shingoni, pale chini ya ufizi. Wakati huo haidrojeni peroksaidi kali (kemikali ya kung'arisha, ambayo hata perborati huitoa), ya asilimia 30 na kitu, ilikuwa ikipashwa moto ndani ya jino. Dentini ina vijitundu, na katika takriban jino 1 kati ya 10 enameli (ganda gumu la nje) na simenti ya mzizi (ganda la mzizi) hazikutani, dentini imebaki wazi. Peroksaidi ikipita hapo na kutoka nje, huwasha nyama zinazoushika mzizi, na mwili wenyewe huanza kuula. Gutapacha (dawa kama mpira) iliyojazwa kwenye mzizi haizuii peroksaidi. Ndiyo maana inapunguzwa hadi milimita 2 au 3 chini ya shingo ya jino, kisha kizuizi cha unene wa milimita 2 kinawekwa juu yake.

Wengi huishia kwenye unene, lakini umbo nalo lina kazi. Mstari wa shingo ya jino haujanyooka: kwa mbele na nyuma umepinda kuelekea mzizi, ubavuni, jino linapopakana na jirani yake, umepanda kuelekea ncha ya kutafunia. Kizuizi bapa kikiwekwa chini kinaacha mbavu wazi. Kikipandishwa kufunika mbavu, kinaificha sehemu ya mbele karibu na ufizi, nawe unabaki na ukanda mweusi unaoonekana ukicheka. Kwa hiyo daktari hupima kina cha ufizi pande zote na kukichonga kiufuate mstari huo.

Kizuizi kipi ni bora? Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa meno. (Msomaji, Dar es Salaam)

Glasi ayonoma (aina ya saruji ya meno), hasa ile iliyochanganywa na rezini: inashika dentini, inaganda haraka kwa taa, na inaweza kubaki humo kazi ikiisha. Zinki oksaidi yenye yujenoli ni rahisi kupatikana, ila yujenoli huharibu kuganda kwa kompositi (kizibo cha rangi ya jino) utakayoweka baadaye. Cavit, kizibo cha muda, inaziba vizuri, lakini ni laini, itoe mwishoni. MTA, saruji nyingine ya meno, inaziba vizuri pia, ila huchukua saa kadhaa kuganda na ile ya kijivu hutia jino rangi. Sasa unang'arisha nini? Biodentine, saruji ya jamii hiyo, huganda kwa takriban dakika 12.

Meno yangu yote ni ya kahawia tangu utoto. Nitiwe dawa kwa ndani? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Hiyo inaelekea kuwa floraidi ya maji ya huko kwenu. Rangi iko kwenye enameli, na hutibiwa kwa nje. Usikubali jino lenye afya litobolewe.

Jino limeng'aa, lakini daktari amekataa kuweka kompositi siku hiyohiyo. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

Oksijeni inayobaki kwenye dentini huzuia kompositi kuganda na kushika. Subiri wiki 1 hadi 2, na kizibo cha muda kisivuje. Kisha piga eksirei baada ya miezi 6, halafu kila mwaka. Mzizi unaolika hauumi mwanzoni, kwa hiyo usingoje maumivu ndipo urudi.