LED kwenye lori: angalia chipu kabla ya skrubu

Ndugu, unasema tangu uweke balbu za LED kwenye lori lako kila dereva anakupigia ful taa, kutoka Salgaa hadi Mau Summit, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Usikimbilie skrubu ya kurekebisha kimo cha mwanga. Toa balbu kwanza uone chipu, vile vipande vidogo vinavyotoa mwanga, zimeelekea wapi: zinatakiwa ziangalie kushoto na kulia, si juu na chini. Zikikaa vibaya, mwanga hutawanyika ovyo na utazungusha skrubu hadi asubuhi. Balbu nyingi zina kola, ile pete ya kushikilia balbu, unayoweza kulegeza, kuzungusha na kukaza tena. Soma pia kama inabeba volti 24, maana za magari madogo ni za 12. Feni ya nyuma ipate hewa, usiibane na kifuniko cha raba.

Halafu ndio upime. Egesha mahali tambarare mbele ya ukuta, tairi ziwe na upepo wa kawaida. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, kichore ukutani kwa chaki. Rudi nyuma mita 10, washa dimu (taa za chini), sasa zungusha skrubu hadi ukingo wa juu wa mwanga ukae kama sentimita 10 chini ya chaki. Kupanda kidogo upande wa kushoto ni sawa. Ukingo ukipanda kulia, hiyo taa ilitengenezewa nchi wanakoendesha upande wa kulia, irudishe dukani.

Mimi hupima lori likiwa na mzigo, kwa sababu viazi vikijaa nyuma pua huinuka na taa nazo.

Ukungu wa Mau Summit lakini, hata ukipima vizuri, mwanga huo mweupe wa LED utakurudia machoni.