Wawili hawasalimiani kwa sababu ya siasa: nipige marufuku?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia kitengo chenye watu tisa. Tumekaa vizuri miaka mingi, hadi kampeni za uchaguzi zilipoanza. Kuna mzee mmoja aliyekuwepo hapa kabla yangu, na kijana mmoja mwenye miaka miwili tu kazini. Kila mmoja ana upande wake. Wiki tatu zilizopita mzee alituma klipu ya mgombea wake kwenye kundi letu la WhatsApp, kijana akajibu, wakarushiana maneno mpaka saa tano usiku. Tangu hapo hawasalimiani. Kijana akitaka karatasi isainiwe na mzee, anamtuma mtu wa tatu. Wengine nao wameanza kujipanga nyuma yao, hata meza za kulia chakula zimegawanyika. Nafikiria kupiga marufuku siasa kazini moja kwa moja. Sheria inaniruhusu? Na mimi nikiulizwa kura yangu nampa nani, nijibu nini? — Msimamizi aliyechoka

JIBU: Pole sana, msimamizi mwenzangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili kilichonikaa kichwani ni ile saa tano usiku. Watu wawili ambao wangebishana kando ya birika la chai kwa dakika kumi, kisha kila mtu akarudi kwenye kiti chake, walibishana jioni nzima huku wenzao wakisoma kimyakimya. Nitarudi hapo, maana nadhani ndipo mambo yalipoharibikia.

Sheria kwanza, kwa sababu jibu lake ni fupi. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unayataja maoni ya kisiasa pamoja na rangi, jinsia na dini katika mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo kazini. Mkataba namba 158 wa 1982 unaongeza kwamba maoni hayo si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mikataba hii hupata nguvu pale nchi ilipoiridhia na kuiingiza kwenye sheria zake, kwa hiyo soma sheria ya ajira ya kwenu na kanuni za mwajiri wako kabla ya kuandika chochote. Msingi wenyewe ni huu: upande wa mtu huugusi, mwenendo wake unaweza kuusimamia. Matusi, muda wa kazi, vifaa vya ofisi, fulana za kampeni mbele ya wateja, hayo yako mikononi mwako alimradi kanuni iwe moja kwa wote. Ukiandika onyo lenye jina la chama ndani yake, umejiandikia kesi. Kama mwajiri wenu ni serikali, kamba huwa fupi zaidi. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya tangu 1939, Hatch Act, inayowazuia watumishi wa serikali kuu kufanya kampeni wakiwa kazini.

Kwa hiyo marufuku unaweza kuiweka, kwa kiasi. Mimi nakushauri usiiweke.

Tatizo la kwanza ni mpaka. Kodi inayokatwa kwenye mshahara ni siasa au ni hesabu? Nauli ikipanda na watu wakachelewa, wakilalamika wanafanya siasa? Ukikataza neno pana kiasi hicho, utakayemkamata ni yule uliyekuwa humpendi tangu awali, na wote wataona. Mwaka 2021 kampuni ya programu ya Basecamp, ya Marekani, ilikataza mijadala ya siasa na jamii kwenye mifumo yake ya kazi. Katika siku chache zilizofuata takriban theluthi moja ya wafanyakazi walichukua malipo ya kuondoka.

La pili nimelijua kwa kuungua. Nikiwa afisa utumishi kijana katika ofisi moja, nilibandika tangazo la nusu ukurasa: siasa mwisho getini. Wiki moja ukimya mtamu, nikajipongeza. Baadaye ndipo nikagundua kwamba kundi jingine lilikuwa limefunguliwa, mimi simo, na wale wa upande wa pili hawamo. Mle ndani hapakuwa na wa kumpinga mtu, kwa hiyo kila uvumi uliofowadiwa uliongezwa chumvi na kupita. Nilifunika kombe ili mwanaharamu apite, naye akaona kuna kivuli, akakaa humohumo.

Tena kazini ni mahali pa pekee katika jambo hili. Watafiti Diana Mutz na Jeffery Mondak walichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa mazungumzo ya Wamarekani, wakaona kwamba watu hukutana na maoni ya kisiasa yanayopingana na yao kazini kuliko sehemu nyingine za maisha yao. Sababu haihitaji profesa: rafiki unamchagua, mtaa mara nyingine unauchagua, lakini aliyekaa meza ya pili umepangiwa. Ukiwazuia watu wasiongee pale, wengi hawatapata pengine pa kumsikia mtu wa upande wa pili akiwa na sura na jina.

Sasa turudi kwenye ile saa tano usiku. Kubishana na mtu na kubishana mbele ya watu ni kazi mbili tofauti. Mkiwa wawili, ukikosea unasema "aa, hapo umenipata" na maisha yanaendelea. Mbele ya kadamnasi huwezi, kwa kuwa unayemjibu si aliye mbele yako tena, ni wale wanaotazama. Na mtu mzima akijibiwa na aliye sawa na mwanawe huku ofisi nzima inasoma, hata hoja iwe ya haki namna gani, yeye anasikia kitu kimoja tu: amevuliwa nguo hadharani.

Niliwahi kusuluhisha kesi inayofanana na yenu. Mama mmoja wa uhasibu aliandika kwenye kundi la kazi: "Mwenye akili timamu anajua kura yake inakwenda wapi." Dereva, kijana mwenye umri wa kifungua mimba wake, akajibu: "Kwa hiyo sisi wengine ni vichaa, mama?" Zikafuata emoji tatu za kucheka mpaka machozi, kutoka kwa watu watatu ambao hawakuwa wameandika neno. Nilipokaa na yule mama mwezi mmoja baadaye, alikuwa ameshasahau nusu ya maneno ya dereva. Majina ya waliocheka aliyataja yote matatu, kwa mpangilio.

Basi fungua kundi lenu ulisome upya, ukiwatafuta waliokuwa wakicheka, wakiweka dole gumba, wakichochea. Hao nao wana sehemu yao, na pengine kubwa kuliko mnavyodhani.

Hatua ya kwanza ninayokushauri ni ndogo. Badala ya kukataza mada, ziwekee mahali. Andika ujumbe mmoja mfupi kwamba kundi lile ni la zamu, taarifa za kazi, misiba na pongezi, na kwamba siasa, mipira na zile jumbe za "tuma kwa watu kumi upate baraka" zitafute pengine. Mpira uutaje kwa makusudi, ili mtu asione kanuni imeshonwa kwa kipimo chake. Kisha uwe wa kwanza kuitii. Wanaotaka kubishana ana kwa ana wakati wa mapumziko, waache wabishane.

Hatua ya pili ni kukaa nao, mmoja mmoja, ukianza na mzee kwa sababu ya umri wake. Usiitishe kikao cha upatanisho mbele ya kitengo kizima. Najua kinapendwa, na nimeona watu wakipeana mikono pale huku macho yakitazama dari. Ni hadhara ileile iliyowagombanisha, safari hii ikiwa na ajenda na maji ya chupa. Kwa mzee, zungumzia kazi tu: "Mzee wangu, sikukuita kwa habari ya mgombea. Wiki hii karatasi zako zimepita mikononi mwa mtu wa tatu, na moja imechelewa siku mbili. Nahitaji msaada wako hapo." Mpe nafasi aseme yaliyomchoma, usikilize mpaka mwisho, usimsahihishe. Kwa kijana: "Mdogo wangu, msimamo wako ni wako, na una haki ya kuusema. Nilichotamani ni umfuate mzee pembeni." Usimbebeshe lawama zote. Kama mzee ndiye aliyeanza kwa kuwaita wenzake wajinga, mwambie naye, kwa heshima, lakini mwambie. Umri unampa mtu haki ya kuamkiwa, haumpi leseni ya kutukana.

Usiwadai wapatane kisiasa. Hutawabadilisha, wala hiyo si kazi yako. Unachodai ni salamu, saini na taarifa zipite kama zamani.

Wapo watakaoendelea kubishana, na hao ninawapa mbinu moja ninayoipenda kuliko nyingine zote: acha kuuliza "kwa nini", uliza "itafanyikaje". Ukimuuliza mtu kwa nini anamuunga mkono fulani, anakuletea hotuba aliyokwisha kuikariri. Ukimuuliza jambo lenyewe litatekelezwaje, hatua kwa hatua, anaanza kufikiri. Nimekaa meza ya jirani nikasikia hili:

"Akiingia tu, bei ya mafuta inashuka."

"Inshallah, mzee. Ataishusha kwa njia gani, kodi au ruzuku?"

"Kodi. Anaipunguza."

"Na lile pengo la kodi litazibwa na nini?"

Kimya kidogo. "Hapo… hapo wataalamu watajua. Haya, na wako wewe, hizo ajira anazozipigia kelele zinatoka wapi?"

Kijana akaanza kueleza, akafika katikati, akakwama, wote wawili wakacheka. Hakuna aliyehama chama.

Philip Fernbach na wenzake walilijaribu jambo hili kitaalamu na kulichapisha mwaka 2013. Walioombwa kueleza sera inavyofanya kazi waligundua kwamba uelewa wao ni mdogo kuliko walivyodhani, na misimamo yao ikalegea kidogo. Walioombwa sababu tu hawakulegea. Waliorudia jaribio hilo baadaye waliiona tena ile sehemu ya watu kugundua wanajua kidogo, ila kulegea kwa msimamo hawakukupata. Kwa ofisi yako, hiyo ya kwanza inatosha kabisa. Mtu aliyetoka kugundua kwamba hajui pengo litazibwa na nini ni vigumu dakika ileile kumwita mwenzake mpumbavu. Sharti ni kwamba anayeuliza akubali kuulizwa, na asiulize kama askari wa doria. Swali lilelile likitoka na kebehi ni mtego, na mtu mzima anaunusa mtego kabla hujamaliza sentensi.

Kwa wasiotaka kabisa kuongea siasa, na wapo, wape ruhusa ya wazi ya kujitoa. "Leo sina nguvu za siasa, ndugu yangu, ngoja nimalize hii ripoti" inatosha. Wasijifiche kwenye "aa, wote ni wezi tu". Hiyo nayo ni siasa, na ina sifa ya kuwaudhi wa pande zote mbili kwa mpigo.

Sasa kura yako. Wewe unasaini likizo, unapanga zamu, unajaza fomu za tathmini. Ukitaja jina la mgombea, wa upande wake watajiona wamepata mgongo, na wa upande wa pili watakumbuka kila ombi lao ulilowahi kulikataa. Kura ya siri imo hata kwenye Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 21, kwa hiyo hukosi adabu ukisema: "Yangu ni siri, kama yako." Sema ukitabasamu, uhamie kwenye kazi. Na hilo lina upande wake wa pili: usimuulize aliye chini yako, hata kwa utani. Kuna jambo jingine ambalo wasimamizi husahau hadi siku yenyewe. Panga mapema zamu za siku ya kupiga kura, uzibandike, na uhakikishe kila mtu ana muda wa kwenda kituoni, hasa wale unaohisi hawako upande wako.

Yote haya ni kwa ubishi. Vitisho, kejeli za kabila au dini, mkubwa kumbana mdogo wake amweleze atampigia nani, au mtu kusambaza nje picha za skrini za wenzake, hayo hayaendi kwenye mazungumzo ya pembeni. Andika tarehe, andika maneno kama yalivyosemwa bila kuyapamba, yapeleke kwa wanaohusika na nidhamu. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, nao unagusa pia mawasiliano ya kazi yanayopita kwenye simu.

Ukishakaa na wote wawili, subiri karatasi ya kwanza itakayohitaji saini ya mzee. Mpe kijana mkononi, mwambie aipeleke mwenyewe, na wewe ubaki mezani kwako. Usimchungulie.