Kwa nyie mnaoanza kukusanya kalibu za risasi: pima kwanza, jina baadaye

Mi ni fundi wa kukereza chuma hapa Pennsylvania na Jumamosi nyingi naamkia kwenye masoko ya mitumba na kwenye zile nyumba ambazo mwenyewe kafariki na watoto wanauza vitu vyake, na kwenye maboksi ya bisibisi na plaizi za mzee huwa hazikosekani kalibu za kumiminia risasi za bastola. Nyingi hazina maandishi, au yalikuwepo kutu ikala. Vijana kadhaa wa kwetu wameanza kuziokota na wananiuliza kila siku hii ni ya nini, kwa hiyo naandika mara moja.

Kwanza tuelewane kwenye maneno maana Kiswahili chetu hapa kinabana, risasi ni madini na risasi ni ile inayopigwa. Humu nikisema risasi ni madini, kile kinachoruka nakiita kichwa, na ganda ni kile kikopo kinachobeba baruti na kushika kichwa.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kalibu ya chuma ya mashimo mawili, nlinunua dola 40, muuzaji kaniambia ni ya .44 (hiyo ni caliba, namba inayotaja ukubwa wa silaha na kichwa chake), mi nikaingiza kalipa, kile kipimio cha meno, kwenye shimo nikapata kama 0.43 hivi nikaridhika, nikaiuza kama ya .44 Magnum. Jamaa kamimina, kapima, kanirudishia. Vichwa vilikuwa inchi 0.427, yaani ile ni ya .44-40, ganda lilotoka 1873 pamoja na bunduki ya Winchester na baadaye Colt wakaliweka kwenye rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, wakati .44 Magnum na .44 Special zinataka 0.429 mpaka 0.430. Tofauti ni sehemu mbili tatu tu za inchi iliyogawanywa mara elfu, na ndo tofauti yote. Nlimrudishia hela yake na ya posta, na nlisikia vibaya kweli maana kupima ndo kazi yangu.

Kwa hiyo usipime shimo, pima kinachotoka. Shimo limegawanyika kwenye vipande viwili, kingo zimelika, mifereji ya grisi iko ndani huko meno ya kalipa hayafiki vizuri. Na kabla hujamimina kitu isafishe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, iache ilale usiku, rudia. Msasa hapana, brashi ya waya hapana, nimeona kalibu nzuri za miaka mia zimeharibiwa na mtu aliyetaka ing'ae. Ifunge uitazame kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita kati ya vipande viwili basi kuna uchafu au mtu aliigonga na nyundo.

Kumimina kwenyewe, kama hujawahi, tafuta anayejua akusimamie. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Sentigredi na sumu yake haina mchezo, kwa hiyo nje kwenye upepo, sio jikoni, miwani, glavu, mikono unaosha kabla hujashika hata chupa ya maji, watoto mbali. Na unyevu, jamani unyevu! Tone la maji likikutana na risasi ya moto linageuka mvuke ghafla na ile risasi inakurukia usoni. Mi siku hizi nikitaka kuitambua tu natumia Cerrosafe, ule mchanganyiko wa madini mafundi bunduki wanapimia chemba, yaani tundu ganda linapokaa, unayeyuka chini ya nyuzi 90, unasinyaa kwanza af baada ya kama saa moja unarudi kwenye kipimo halisi, hapo ndo unapima. Nao una risasi na kadimiamu ndani kwa hiyo tahadhari ni zile zile.

Ukipata kichwa chako chukua maikromita, pima sehemu mbili, moja kwenye mstari ambapo vipande vinakutana na nyingine ukizungusha robo. Zikipishana sana kalibu haikufunga vizuri, rudia. Kisha kiweke kwenye mizani. Uandike pia ulimimina nini, maana risasi tupu hutoka nyembamba kidogo na nzito kuliko ile iliyochanganywa na bati na antimoni, ukisahau hilo utabishana na mtu bure.

Sasa majina. Usiamini jina la caliba kama ni kipimo! .38 Special kichwa chake ni 0.358, wala sio 0.38. Inatokana na rivolva za zamani za .36, za kujaza baruti kwa mbele, zilipogeuzwa kutumia maganda: kichwa kilikuwa kinene sawa na ganda kwa nje, na kisigino chembamba ndo kinaingia ndani ya ganda. Baadaye kichwa chote kikaingizwa ndani kikawa chembamba ila jina likabaki. Ndo maana ukimimina kitu ukakuta chini kina ngazi, kisigino, usidhani kalibu imeharibika, hiyo ni ya zamani kweli. .38 S&W (Smith na Wesson) ni nyingine tena, 0.360 au 0.361. .45 ACP ni 0.451 au 0.452, na .45 Colt za zamani zinafika 0.454.

Umbo nalo linasema mengi. Mfereji wa kukunjia mdomo wa ganda karibu na pua unaashiria rivolva, maana mtikisiko unavuta vichwa kutoka kwenye maganda ambayo hayajapigwa bado. Bastola ya kujipakia kama .45 ACP kwa kawaida haina mfereji huo kwa sababu ganda linakaa kwenye chemba kwa mdomo wake. Pua bapa ya .44-40 ni ya bunduki ambayo maganda yanapangwa kwenye bomba, kule pua ya moja inagusa kiwashio cha iliyo mbele yake na ncha kali ingeweza kukilipua. Ukiona bega kali na pua pana, hiyo ni mitindo ya Elmer Keith, mwandishi wa Marekani wa mambo ya silaha, ya mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya kalibu ya Lyman waliiita 358429 na 429421, na hapo tarakimu tatu za kwanza ndo kipimo.

Ikitoka gololi, fikiria rivolva za baruti. Colt za .36 zinataka gololi ya kama 0.375, gramu 5 hivi, na kalibu zake nyingi zina shimo la gololi na la kichwa chenye ncha pembeni yake, mikono ni chuma tupu inakuunguza. Ila angalieni, kopi za Italia za shaba ya njano zipo tele na wengine wanaziuza kama za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kalibu ya Uingereza ikiwa na 54 imegongwa juu yake, hiyo sio caliba, ni gololi 54 kwa pauni moja, gramu 8.4 kila moja, kipenyo kama 0.442. Na kuna za jiwe la sabuni, kama lile la Kisii tunalolijua, hizo zikipasuka basi tena, usimimine kitu.

Vinamba vidogo vinavyofanana kwenye vipande viwili mara nyingi ni vya kiwandani, kuonyesha vipande vinakwenda pamoja.

Jambo moja kwa wanaosafiri nyumbani: huku hii ni bidhaa ya kawaida ya mezani, Kenya na Tanzania vifaa vya silaha vina sheria kali, usiiweke kwenye begi eti zawadi ya mjomba.

Zangu zote nimezifunga kilebo kwa uzi. Ya juzi nimeandika hivi: chuma, shimo moja, imemiminwa Cerrosafe, imepimwa baada ya saa moja, 0.361 kwenye mstari, 0.361 robo, pua duara, mifereji miwili, huenda .38 S&W. Hilo neno huenda naliacha hapo hapo hata mnunuzi akilichukia.