Vizingiti kwanza, injini baadaye

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi hapa Oxford hatujambo. Mama yako goti linamsumbua kwa baridi lakini ulimi ni mzima, na ndiye aliyesema nikujibu kwa barua. Anadai kwenye simu mimi huishia kusema "sawa, sawa", kisha namwachia yeye maelezo.

Ulituma picha tatu na swali: "Baba, kuna gari, MGB ya 1971, inauzwa Swindon, ya wazi, ya kijani, mwenyewe anataka pauni 4,500. Anasema injini iko vizuri, inataka kazi ndogo tu ya bati. Ninunue?" Halafu chini kabisa, kama mtu anayeona haya: "Na kulitengeneza lile lako kulichukua muda gani hasa?"

Nianze na la pili, maana ndilo linalojibu la kwanza. Miaka tisa. Najua nimekuwa nikiwaambia watu minne. Minne ni tangu nilipoanza upya.

Wewe unalikumbuka lile gari likiwa jekundu na limekamilika, ninakufuata nalo shuleni, wenzako wanalikimbilia. Hiyo ni 2002. Nililinunua 1993, wewe hujazaliwa bado, kwa pauni 900, kutoka kwa mtu aliyesema vilevile: kazi ndogo ya bati. Nadhani maneno hayo hurithishwa pamoja na kadi ya gari.

Wakati huo nilikuwa gereji ya mabasi, na tulikuwa na wazee wawili waliofanya kazi kiwanda cha MG kule Abingdon, hapo kusini ya mji, mpaka kilipofungwa 1980. Walikuwa wakilisema gari lile kama watu wa Mji wa Kale wanavyosema jahazi la mtu wanayemjua. Ndio walionifahamisha kitu ambacho muuzaji hakuambii: MGB haina chesisi. Ile MGA iliyoitangulia ilikuwa na fremu yake chini na bodi imekaa juu, kwa hiyo bodi ikioza fremu bado inabeba. MGB ilipotoka Septemba 1962 walikuwa wamebadilisha kila kitu: bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sasa fikiria sanduku. Gari lenye paa ni sanduku lenye kifuniko. Gari la wazi ni sanduku lililong'olewa kifuniko, kisha likatobolewa matundu mawili ya milango. Kinachozuia lisikunjike katikati ni ule mhimili wa bati unaopita chini ya kila mlango. Mafundi wa huku huuita sili. Mimi nauita kizingiti, kwa sababu ndicho unachovuka ukiingia.

Na kizingiti cha MGB si bati moja. Kuna la nje unaloliona, kuna la ndani upande wa zulia, na katikati yao kuna bati limesimama wima, halionekani na mtu yeyote tangu siku gari lilipotoka kiwandani. Chini yote yameshonwa pamoja na reli moja inayopita urefu wote. Maji yakiingia humo hayana haraka ya kutoka. Kutu huanza ndani, inakula kuja nje, na ile siku unayoona kitundu cha ukubwa wa sarafu, ujue ndani hakuna mtu.

Sasa nikueleze aibu yangu, ambayo hata mama yako anaijua nusu.

Nilitoa injini. Nikatoa milango, nipate nafasi. Nikalipandisha gari kwenye stendi nne, mbili mbele, mbili nyuma, nikakata vizingiti vyote viwili wikendi moja. Kata zilikuwa nzuri, zimenyooka, nikazipiga picha. Miezi kadhaa nikachomelea vipya, bati juu ya bati, nikasaga, nikapaka praima. Siku nilipoirudisha milango, chini inaingia, juu inagonga. Nikalegeza bawaba, nikazikaza, nikaweka vipande vya bati nyuma yake. Hata grainda niliichukua nikaanza kuukwangua ukingo wa mlango, Mungu anisamehe. Bodi ilikuwa imelegea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka, nami nikaichomelea hivyohivyo, imelegea, imara kabisa.

Mmoja wa wale wazee wa Abingdon akaja kuangalia. Akausukuma mlango kwa kidole kimoja, ukagonga, akauachia. Akaomba chai. Alipomaliza kikombe ndipo akasema: kata tena.

Kilichoniuma ni kwamba jambo lenyewe nilikuwa nalijua tangu utoto. Babu yako alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kule Lamu, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kushikilia magogo. Jahazi likipandishwa pwani kubadilishwa mbao zilizooza, huanzi na ubao. Unaanza na kuegemeza: magogo huku na huku, kabari chini ya mkuku, mpaka chombo kisijue kwamba kimetoka majini. Kisha unatoa ubao mmoja, unarudisha mmoja. Mara moja kijana mmoja alitoa mbao mbili zilizoelekeana, na babu yako, mtu asiyepaza sauti, alirusha patasi baharini. Mimi nilikuwepo, nimeshika gogo. Miaka ishirini na kitu baadaye nikafanya yaleyale kwa bati, kwa kuwa nilidhani gari ni kitu kingine.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilikunja chuma cha pembe nikakifunga kwa bolti kutoka nguzo ya bawaba mpaka nguzo ya kitasa, upande huu na huu. Nikainua katikati kwa jeki na gogo la mbao, taratibu, mpaka nafasi za mlango zikalingana juu na chini. Nikakata upande mmoja tu. Kila kipande kilishikwa kwanza kwa nukta za moto, kisha mlango unatundikwa, unafungwa, unafunguliwa, ndipo unachomelea zaidi. Ukichomelea mstari mrefu kwa pumzi moja bati linapata joto na kujivuta, kwa hiyo unaruka: nukta hapa, nukta kule, unakwenda kunywa maji. Upande mmoja ulinichukua majira yote ya baridi. Nilikuwa nafanya kazi usiku baada ya zamu, mama yako akiwa na mimba yako, na ananiita kwa kugonga sufuria dirishani.

Haya, picha zako.

Ya kwanza ni ya urembo, sina la kusema. Ya pili, tazama chini ya mlango. Lile bati linalong'aa la chuma cha pua halikutoka kiwandani. Limebandikwa juu ya kizingiti. Huenda ni pambo. Mimi katika maisha yangu sijakutana bado na lililowekwa kwa ajili ya pambo. Ya tatu niliivuta kwenye kompyuta ya mama yako mpaka ikawa vijiwe: ule mwanya kati ya mlango na bawa la nyuma (bati linalofunika gurudumu), juu ni mwembamba, chini ni mpana. Inaweza kuwa bawaba zimechoka tu. Inaweza kuwa ndugu yake lile langu.

Kuna njia ya kujua ambayo haihitaji kubishana na mtu. Funga mlango, weka jeki chini ya kizingiti pale palipowekwa kiwandani kwa ajili ya jeki, inua kidogo, kisha jaribu kuufungua. Ukifunguka na kufungika kama kawaida, kizingiti kinabeba. Ukikwama, au ule mwanya ukibadilika mbele ya macho yako, basi. Kama jeki yenyewe inazama ndani ya bati, hapo hata kuaga si lazima. Mengine ni ya sumaku na kitambaa chembamba: penye puti ya kufichia kutu sumaku inateleza. Ipitishe kwenye ncha ya chini ya bawa la mbele, nyuma ya gurudumu, na kwenye ile sehemu fupi mbele ya gurudumu la nyuma. Mabawa ya mbele yamefungwa kwa bolti, hayanitishi. Ya nyuma yamechomelewa. Inua mazulia. Nyuma ya viti kuna kifuniko, chini yake ndimo zilimokuwa betri mbili za volti 6, na masanduku yake hupenda kuoza. Jirani na hapo ndipo springi za nyuma zinaposhikwa kwenye bodi. Pachokoe na bisibisi bila huruma.

Turubai la juu watakuonyesha likiwa zuri. Huvuja hata hivyo, yote huvuja. Lakini zulia likiwa na maji upande wa miguu, usilaumu turubai moja kwa moja. Chini ya kioo cha mbele kuna uwazi wa hewa ya hita, na maji ya mvua yanayoingia pale hutolewa na mpira mdogo. Mpira huo ukizibwa na majani, maji hugeuka ndani na sakafu inaoza toka juu, mwenyewe akipaka deheni ya gari kwa chini kila mwaka akidhani anaokoa.

Injini? Mwache aisifu. Ni chuma cha kusubu, sentimita za ujazo 1798, kreniki ya beringi tano tangu mwishoni mwa 1964, na vipuri vyake vinapatikana kama sabuni. Ikiwa imekufa kabisa nisingepunguza hata usingizi. Ukitaka kuipima, iache ipate moto, uendeshe, utazame saa ya presha ya oili: mwendoni iwe kati ya 50 na 80. Uliza kama hedi ilishawekwa viti vigumu vya vali, maana zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi na hapa Uingereza hiyo iliondoka madukani mwanzo wa 2000. Mipira ya mafuta ibadilishe yote hata ikiwa mizuri. Petroli ya ethanoli asilimia 10 iliyokuja 2021 inaitafuna ya zamani. Kabureta ni mbili, aina ya SU, na zinataka subira tu. Nilizisafisha kwenye beseni la mama yako la kukandia unga, na hilo ndilo kosa pekee la miaka tisa ambalo bado linatajwa nyumbani.

Jambo la makaratasi. Gari la umri huo halilipi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 magari yaliyopita miaka 40 hayalazimiki kupita MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, kama hayajabadilishwa sana. Watu hufurahi wakisikia hivyo. Mimi naona hivi: maana yake huenda hakuna mtu aliyelala chini yake kwa miaka. Chukua namba ya gari, ingia kwenye tovuti ya serikali, usome majibu ya MOT za zamani. Ukiona kutu imetajwa karibu na vizingiti au springi mwaka fulani, kisha mwaka uliofuata haitajwi tena, muulize nani alichomelea na kwa bati la unene gani. Jibu la "rafiki yangu" si jibu.

Pesa hazirudi, hilo sema na nafsi yako mapema. Risiti nilizihifadhi kwenye kopo la biskuti mpaka 1998, kisha nikaacha kwa ajili ya amani ya nyumba. Tena ujue MGB ina bahati isiyokuwa na magari mengi ya rika lake: tangu 1988 bodi nzima mpya hutengenezwa kwa kalibu zilezile za kiwandani. Ni ghali. Lakini ukijumlisha mabati, gesi, diski za grainda na miaka, mimi leo ningekaa chini na kalamu kabla ya kulitazama gari lililooza mara mbili.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana kwa bei hiyo na kwa maneno hayo, na ndiyo kwa gari. Unaweza. Una mikono ya babu yako, na gereji yenye umeme, nami nimestaafu. Afadhali tutafute lenye bodi kavu na injini iliyokufa, ambalo watu wanalipita. Likiwa lako, usitoe mlango hata mmoja mpaka nimefika. Usichomelee karibu na tangi, hata tupu, hata limeoshwa. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hilo sikushauri, nakukataza, japo umeshapita umri wa kukatazwa.

La Swindon tukalitazame hata hivyo, ujifunze macho. Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Wewe toka Bristol, mimi toka huku. Vaa nguo za kulalia chini. Nitakuja na sumaku, tochi, bisibisi na jeki yangu. Usimwambie mwenyewe kwamba babako alikuwa fundi, sema ni mzee tu amekusindikiza. Mama yako ameshasema atapika mahamri. Na kama yule bwana atakataa tusiinue gari lake, tutamshukuru, turudi tukae kwenye gari langu na chupa ya chai, tuyale yakiwa bado na moto.

Babako